Makumbusho ya kushika-shika kwa watoto wa chekechea: nilichopata kwa elfu tatu

Jumamosi iliyopita sikufungua kibanda changu cha kutengeneza baiskeli mpaka saa saba mchana. Wateja wawili waliniachia baiskeli zao kwa jirani wa mihogo, wakaondoka wananung'unika. Sababu ni binti yangu. Ana miaka minne na miezi mitatu, mama yake alikuwa zamu, na mimi nilishatoa ahadi kumpeleka kwenye yale masomo ya watoto wadogo yanayofanyika kwenye nyumba moja ya zamani hapa Tanga mjini. Jina la nyumba silitaji kwa sababu yapo ya kulalamikia, na wenyewe nimeshawaambia uso kwa uso. Anayetaka kwenda aulize mjini, ataelekezwa.

Mtoto analipiwa elfu tatu, mzazi haingii kwenye hesabu. Tuliambiwa saa tatu kamili. Saa tatu na nusu tulikuwa bado barazani. Nilihesabu watoto kumi na tisa na waongozaji wawili, dada mmoja kijana na bibi mmoja wa makamo. Kwa umri ule, kumi na tisa kwa wawili ni kundi la mbuzi bila kamba.

Wakaanza na hotuba. Dada alisimulia vita vya Tanga vya Novemba 1914: Waingereza walivyoshuka pwani na askari wao kutoka India, Wajerumani na askari wao wakawarudisha baharini, na nyuki waliochokozwa na risasi wakaingia vitani wakiuma watu. Kisa kizuri, mimi mwenyewe nakipenda. Lakini mtoto wa miaka minne katika yote hayo anasikia neno moja tu. Binti yangu akasimama: "Nyuki wako wapi?" Hapakuwa na nyuki. Hapakuwa na mzinga mtupu wala kipande cha nta cha kunusa. Dada akaendelea na Wajerumani, na watoto wakaanza kuvuana viatu.

Kilichokuja baada ya hapo ndicho kilichonifanya niandike. Bibi alitandua shuka, na juu ya jamvi vilikuwa vimepangwa kinu na mchi, kifumbu, kandili, pasi ya mkaa, pishi na kibaba vya mbao, na bao na komwe zake. Akasema neno moja: "Guseni." Watoto wakamtazama kama aliyewaambia waende Zanzibar kwa miguu. Hawa ni watu wanaoambiwa "usiguse" tangu asubuhi hadi usingizini. Wakasogea polepole, kisha wote kwa mpigo.

Binti yangu alikimbilia pasi. Akaivuta kwa mkono mmoja. Akaweka wa pili. "Baba, imekataa." Nilitaka kumsaidia, bibi akanizuia kwa jicho tu. Akaizunguka, akafungua kifuniko, akaingiza pua, akasema inanuka jikoni. Akajua mwenyewe moto ulikuwa unakaa wapi. Mimi ningemweleza kwa maneno ishirini na asingeshika hata moja.

Pishi ndiyo iliyoniacha mdomo wazi. Walipewa beseni la mchele na kibaba, wajaze pishi. Wazee wetu walipima hivyo, vibaba vinne ni pishi moja. Sasa mwanangu huyu akihesabu huwa anasema moja, mbili, tatu, tano. Mwalimu wake wa chekechea amechoka, mama yake amechoka, mimi nimefika hadi kumuimbia. Pale akamwaga kibaba cha kwanza, cha pili, cha tatu, akatangaza "tano!" na pishi haijajaa. Akachungulia ndani. Bibi hakumsahihisha, alimuuliza tu, "Imeshiba?" Akamwaga kingine, mchele ukafika ukingoni, na bibi akasema kimya kimya, "Nne." Alirudia mara sita, huku akimsukuma mwenzake aliyetaka zamu. Kwa hilo peke yake elfu tatu zangu zimerudi.

Kwenye komwe nilijisahau. Tulipokuwa wadogo tulizisugua kwenye saruji mpaka zipate moto, kisha unamgusa mwenzako mguuni. Nikamwonyesha kijana mmoja. Mama yake hakufurahi. Hilo ni kosa langu, si lao.

Kosa lao lilikuwa kwenye mkonge. Ukutani, juu kabisa ya kimo cha mtoto yeyote, lipo bango linaloeleza kwamba Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, na kwamba katika miche elfu moja iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai. Sawa, bango ni letu wazazi. Lakini dada alileta jani bichi, akalikata, akawapa watoto walikwangue kwa kijiko waone nyuzi. Mama yangu alifanya kazi korona miaka mingi, na kabla neno hilo halijawa ugonjwa, kwetu Tanga lilikuwa mashine ya kusindika mkonge. Nimekua nikimwona anarudi na mikono ina vipele. Maji ya mkonge mbichi yanawasha! Haikupita muda mtoto mmoja akaanza kujikuna kiwiko na kulia. Tulimwosha kwa maji na sabuni, akatulia. Nilimwambia dada pembeni: wape watoto singa, yaani nyuzi, zilizokauka, na jani ulionyeshe wewe mwenyewe, umeshakata mwiba wa nchani. Alipokea bila kununa. Bibi alipochukua singa kavu na kuanza kusokota kamba kwenye paja, wale wote waliokuwa wakikimbia walikuja kukaa. Kila mmoja alitoka na kipande cha urefu wa kidole.

Kuna na baiskeli ya zamani ya breki za fimbo, watoto wanaruhusiwa kuzungusha pedeli. Mnyororo umelegea, unaruka kila mzunguko wa tatu, na hauna kinga. Vidole vya watoto na mnyororo ulio wazi ni jambo nisilolivumilia, kwa hiyo nilisimama pale kama askari mpaka zamu ikapita.

Mwisho waligawa karatasi za kupaka rangi. Nilitegemea jahazi, au hata yule samaki wa kale, silikanti, anayevuliwa kwenye bahari yetu hii. Karatasi ilikuwa na ngome ya Ulaya, minara iliyochongoka na theluji juu ya paa. Binti yangu aliuliza ule weupe ni nini. Nikamwambia ni unga. Akaupaka kijani.

Maji ya kunywa yapo, choo ni kisafi ila kiko mbali na mtoto wa umri ule hasubiri. Mtangulize kabla hamjaingia.

Jumamosi ijayo tunarudi. Tutachelewa makusudi, hotuba itupite. Wamenikubalia nije na koleo na mafuta nikaufunge ule mnyororo, na nimeshapata bati la kukata kinga. Binti yangu amechukua kopo langu la grisi, amelisugua kwa mchanga likang'aa, na tangu juzi anapimia nalo maharage ya mama yake. Nne anaitaja. Sasa anaruka sita.