Kipimo cha DNA ya manyoya ya mbwa: chenyewe kiko poa, ripoti ndo tatizo

Wafugaji wenzangu, kama unazalisha mbwa na bado unakisia watoto kwa kuangalia sura ya baba na mama, hiki kipimo cha DNA kinachoonyesha mbwa amebeba manyoya na rangi za aina gani kitakufungua macho. Kuchukua sampuli ni kazi ndogo tu, unasugua kile kijiti cha pamba ndani ya shavu la mbwa, unakiacha kikauke, unatuma. Ila hakikisha hajatoka kula, na kama ni kitoto kinachonyonya, kitenganishe na mama kwanza, la sivyo unaweza kupima DNA ya mama yake bila kujua.

Utamu wake uko kwenye vile vitu macho hayaoni. Jike langu lina manyoya mafupi kabisa, majibu yakaja Ll kwenye FGF5, jeni ya urefu wa manyoya, yaani ana nakala moja ya fupi (L) na moja ya refu (l), kabeba manyoya marefu kimyakimya maana yanahitaji nakala mbili ndo yaonekane, na dume nalo hivyohivyo, sasa hapo kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kutoka na manyoya marefu na hakuna dume la jirani la kusingiziwa 😂. Ndevu na nyusi ndefu kama za Schnauzer ni kinyume chake, jeni yake ni RSPO2, na nakala moja tu inatosha zionekane.

Lakini kilichonifanya nisijutie hela yangu ni mele, ile rangi ya mabakamabaka. Inachafua rangi nyeusi na kahawia tu, kwa hiyo mbwa wa njano anaweza kuwa nayo na usione hata baka moja, ukimpandisha na mele mwenzake watoto wanaopata nakala mbili wako kwenye hatari kubwa ya uziwi na macho mabovu. Hapo kwa kweli usibahatishe, pima.

Sasa lawama. Ripoti wameandika “25% manyoya marefu” kama vile watoto wanane lazima wawili wawe hivyo, wakati kila mtoto anarushiwa shilingi yake, wanaweza kutoka watano au asitoke hata mmoja. Halafu kifurushi cha bei rahisi kinaangalia badiliko moja tu la FGF5, wakati mbwa kama Akita na Afghan Hound urefu wa manyoya yao unatokana na mabadiliko mengine, so wenye mbwa hao wataambiwa “mfupi” huku manyoya yanafagia sakafu.

Nyota nne. Mwenye Akita achukue kifurushi kikubwa au aache kabisa.