Barbie (2023): Visigino Vinapogusa Sakafu

Unapoitazama Barbie, filamu ya Greta Gerwig kuhusu mwanasesere wa jina hilo, anza na miguu. Mapema kabisa Barbie (Margot Robbie) anavua viatu vya mchuchumio na visigino vinabaki vimening'inia juu, kama alivyofinyangwa kiwandani. Anaoga bila maji, anamimina maziwa yasiyotoka. Usiku, katikati ya dansi, anawauliza wenzake kama huwa wanawaza kufa; muziki unakatika. Kesho yake maji ni ya baridi, kifungua kinywa kimeungua, visigino vimelala sakafuni. Hapo filamu hii ya dakika 114 imeshasema neno lake zito: kinachoanza kumfanya mwanasesere awe mtu si mapenzi, ni kujua kwamba kuna kufa.

Upande wa jinsia, fikra kali zaidi amebebeshwa Ken, mwanasesere wa kiume anayempenda Barbie. Msimulizi anatueleza kuwa siku zote za Barbie ni njema, ilhali ya Ken huwa njema pale tu Barbie anapomtazama. Mwanafalsafa Mfaransa Simone de Beauvoir aliandika mwaka 1949 kwamba mwanamke amefanywa "mwingine", kiumbe anayepimwa kwa kipimo cha mwanamume. Gerwig amekigeuza kiti hicho akamkalisha Ryan Gosling, anayemwigiza Ken. Ndiyo maana Ken, anapotoka Barbieland, nchi ya wanasesere, na kufika Los Angeles katika ulimwengu halisi, anaupokea mfumo dume wa huko mzima mzima, pamoja na farasi wake: mwanamke mmoja amemuuliza saa kwa adabu, naye hajawahi kuheshimiwa.

Filamu inalegea kwenye hotuba ya Gloria, mwanamke wa ulimwengu halisi, kuhusu ugumu wa kuwa mwanamke. Maneno yenyewe ni ya kweli na America Ferrera anayatamka kwa uchungu, ila baadaye yanageuzwa dawa ya akina Barbie waliotekwa akili na mfumo dume ambao Ken ameupeleka Barbieland: mmoja mmoja anachukuliwa, anasemeshwa, anazinduka papo hapo. Aliyezoea kujidharau hazinduki hivyo. Kazi iliyokuwa ikifanywa na mwili sasa inafanywa na mdomo.

Wanaolalamika kwamba mwisho ni kisasi kwa wanaume wasikilize tena. Akina Ken wananyimwa kiti Mahakama ya Juu, na msimulizi anasema ipo siku watakuwa na mamlaka kama waliyo nayo wanawake katika ulimwengu halisi. Kipimo kimewekwa wazi.

Tukio la kurudia ni la benchi. Barbie, chozi lake la kwanza likiwa bado shavuni, anamgeukia bibi mzee, anayeigizwa na Ann Roth, na kumwambia ni mzuri. Bibi anajibu kwamba analijua hilo. Gerwig alishauriwa alikate, akakataa. Barbieland hakuna uso wenye makunyanzi. Huu ndio wa kwanza kumkalia karibu, na baadaye Ruth Handler, mbunifu wa mwanasesere Barbie, anapomkumbusha kwamba binadamu hufa, Barbie anakubali akiwa ameshauona uzee kwa macho yake.