Shaxi, Yunnan: Siku tatu katika mji ulioachwa na misafara

Nimekuwa Kunming, mji mkuu wa jimbo la Yunnan kusini-magharibi mwa China, kwa masomo mwaka wa pili sasa, na kila nilipouliza ni wapi naweza kuuona mji wa kale wa China ambao haujageuzwa duka la zawadi, waliojibu kwa makini walitaja Shaxi. Nilikuwa nimeshafika Lijiang, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997, nikarudi na kichwa kinachouma kwa ngoma za wauza muziki na msongamano wa watu. Kwa hiyo katikati ya Oktoba, wiki moja baada ya likizo ya taifa kwisha, nilipanda treni ya mwendo kasi hadi Dali, mwendo wa saa mbili hivi, nikaunganisha basi hadi Jianchuan, kisha kigari kidogo ambacho, kama vile vya kwetu, hakiondoki mpaka kijae. Kutoka Jianchuan hadi Shaxi nauli haikufika yuan 20.

Mji uko katika bonde lililo mita kama 2,100 juu ya usawa wa bahari, mashamba yakiuzunguka pande zote, na wenyeji wake wengi ni wa kabila la Wabai. Kwa karne nyingi ulikuwa kituo katika Njia ya Chai na Farasi: chai iliyoshindiliwa ikawa kama matofali ilitoka kusini mwa Yunnan kwenda Tibet, ambako vyakula vikuu vilikuwa shayiri, nyama na siagi, na mboga zilikuwa adimu, na farasi wakashuka kutoka huko juu. Shaxi ilipata pia faida ya kuwa karibu na visima vya chumvi, bidhaa ambayo hakuna aliyeweza kuishi bila kuinunua. Msafara wenyewe huitwa mabang, na mkuu wake maguotou, jina lenye neno la chungu ndani yake, maana aliyeshika chungu cha kupikia ndiye aliyeshika safari. Kwa sisi tuliokulia simulizi za Bagamoyo tofauti moja inashtua: hapa mzigo ulikuwa mgongoni mwa nyumbu, si kichwani mwa mtu.

Mwaka 1942, barabara ya Burma, iliyounganisha Burma na Yunnan, ilipokatwa na vita, misafara ya Yunnan iliongezeka kwa sababu bidhaa za India zililazimika kupita Tibet. Baadaye zikaja barabara za malori, na barabara kuu haikupita katika uwanja wa Shaxi. Biashara ikahama, fedha za kubomoa na kujenga upya zikakosekana, na kwa umaskini huo nyumba zikabaki. Utulivu ambao leo tunaulipia ni wa mji uliopoteza kazi yake, na nilipolielewa hilo nilianza kuuangalia kwa macho mengine.

Kitovu chake ni uwanja wa soko wa Sideng, uliotandikwa mawe mekundu na kufunikwa kivuli cha miti mikongwe. Upande mmoja liko hekalu la Xingjiao, lililojengwa mwaka 1415 na wafuasi wa madhehebu ya Kibudha ya Wabai yaitwayo Azhali. Upande wa pili, likilitazama hekalu uso kwa uso, liko jukwaa la michezo ya kuigiza lenye paa za ncha zilizopinda juu kama pembe. Mwaka 2002 uwanja huu uliorodheshwa na World Monuments Fund, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, miongoni mwa mahali 100 palipo hatarini zaidi duniani, ndipo wataalamu wa chuo kikuu cha ETH cha Zurich na serikali ya wilaya ya Jianchuan wakaanza kuukarabati. Kazi yao ndiyo iliyonivutia kuliko vyote. Hawakupaka rangi mpya. Nguzo iliyooza chini ilikatwa palipooza tu, ikaungwa kwa mbao nyingine, na kiungo kikaachwa kionekane. Mwaka 2005 UNESCO iliutunuku ukarabati huo katika tuzo zake za Asia na Pasifiki, na mtu akikaa nusu saa mbele ya jukwaa lile haoni sababu ya kuuliza kwa nini.

Malazi ndiyo yaliyoniudhi. Nilikuwa nimeweka nafasi kwa programu ya simu, nikathibitishiwa, na nilipofika na begi mwenye nyumba akaniambia kuwa hawajui kumsajili mgeni wa pasipoti polisi, hivyo nitafute kwingine. Fedha zilirudishwa, lakini saa moja ya kuburuta begi juu ya mawe haikurudishwa. Mwafrika anayekwenda huko apige simu kabla ya kulipa, aulize waziwazi kama wanapokea wageni wa nje. Nyumba niliyoipata hatimaye ilikuwa ya mtindo wa Wabai, majengo matatu yakizunguka ua na ukuta mweupe upande wa nne, ambao hupokea jua la alasiri na kulirudisha vyumbani. Ni nzuri mno kwa macho, ila kuta za ndani ni za mbao, kikohozi cha jirani ni chako pia, na usiku wa Oktoba hauvumiliki bila blanketi la umeme, ambalo kwa bahati lilikuwepo.

Kwa chakula Waislamu wenzangu wawe macho, kwa sababu mapishi ya Wabai yanapenda mafuta ya nguruwe hata katika mboga. Jambo hili lina kinaya chake, maana Waislamu wa kabila la Wahui walikuwa miongoni mwa waongozaji misafara mashuhuri wa Yunnan. Dali nilikula vizuri katika mkahawa wenye maandishi ya qingzhen, yaani halali. Shaxi nilijitegemea kwa mayai, uyoga, viazi na rushan, jibini jembamba la Wabai linalochomwa na kuviringishwa kwenye kijiti, nikiwaomba kila mara watumie mafuta ya mbegu.

Alhamisi nilipanda mlima wa Shibaoshan kwa miguu, kiasi cha saa tatu na mapumziko mengi, kuona mapango ya Shizhong yaliyochongwa kati ya karne ya 9 na ya 12, enzi za falme za Nanzhao na Dali. Wafalme wa Nanzhao wameketi pale pamoja na watumishi wao, wakubwa kwa wadogo, na katika pango jingine, katikati ya sanamu za Kibudha, kuna jiwe lililochongwa umbo la uke ambalo wanawake wanaotaka watoto hulijia kwa maombi. Mlima huohuo una pia sanamu ya mgeni ambayo maandishi yake yanamtaja kuwa mtu wa Uajemi. Ficha ndizi zako. Nyani wa huko hawaombi.

Lakini siku ya kuipanga safari yote ni Ijumaa. Soko la wiki halifanyiki tena katika uwanja wa Sideng bali kandokando ya barabara, na wapiga picha wengi hubaki uwanjani wakinywa kahawa katika nyumba zilizokodishwa na wenye mitaji kutoka mijini, huku mji wenyewe ukiwa mita mia chache kutoka hapo. Wanawake waliovaa buluu ya nili na vikapu mgongoni hushuka kutoka vijiji vya milimani kuuza jozi, peasi, vifaranga na majembe. Kichina changu cha darasani hakikunifikisha mbali, kwa kuwa wazee wengi huzungumza Kibai, basi tulipatana bei kwa vidole: dole gumba na kidole cha mwisho ni sita, dole gumba na cha shahada ni nane. Bibi mmoja aliniuzia kilo mbili za jozi, akanitazama nywele kwa muda, kisha akaongeza konzi moja bila kunidai.

Naupa mji huu nyota nne kati ya tano, ya tano nikiizuia kwa sababu ya malazi. Anayerudi siku ya soko asisubiri mchana, kwani vigari vya Jianchuan hujaa watu na magunia. Mimi nilipata kiti cha mwisho saa nane, miguu yangu ikiwa juu ya kapu la kuku.