TAHADHARI: Hizo GTX 1050 Ti za bei poa si 1050 Ti

Wakuu, yeyote mwenye OptiPlex au EliteDesk (zile kompyuta za ofisini za Dell na HP) ya mtumba anayetaka kuipachika kadi ya grafiki ili achezee magemu, shika pesa yako kwanza. Kuna muuzaji anatangaza mtandaoni "GTX 1050 Ti 4GB, used from Dubai" kwa laki mbili. Duka hana. Wa Dar anakutana nao Kariakoo, wa mikoani anawatumia kwa basi wakishamaliza kulipa. Mimi ni fundi, na kadi zake zimeshafika mezani kwangu zaidi ya mara moja. Hakuna hata moja iliyokuwa 1050 Ti.

Kilichomo ndani ni GTS 450, kadi ya mwaka 2010. BIOS yake, yaani programu ndogo iliyo ndani ya kadi inayoitambulisha, imeandikwa upya ili Windows isome jina la uongo na kumbukumbu ya 4GB. 1050 Ti halisi ilitoka 2016 ikiwa na kore 768 za CUDA, yaani vitengo vidogo vya kuchakata picha. Hii ina 192, na kumbukumbu niliyoikuta ni 1GB. Gemu likidai zaidi ya hapo, skrini inajaa michirizi ya rangi au mashine inaganda.

Sasa sikieni anavyowapata watu. Ukifika anakuwashia GTA V mbele ya macho yako, nayo inafunguka vizuri tu. Lakini kiwango cha chini cha GTA V ile ya zamani (Legacy) ni 9800 GT ya 1GB, kadi kongwe kuliko hata hiyo GTS 450! Gemu kufunguka hapo hakuthibitishi chochote. Ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia huku unasikia analia. Kisha anakupa draiva (programu ya kuiwezesha Windows kuitumia kadi) kwenye flashi na onyo kali: usiiapdeti kamwe, utaua kadi. Anajua anachosema. Kadi za kizazi cha Fermi, ambamo GTS 450 imo, NVIDIA, kampuni yenye chipu hizi, iliacha kuzitolea draiva mpya 2018, kwenye toleo la 391. Ukiweka draiva ya leo ya 1050 Ti, uongo unaumbuka siku hiyohiyo.

Kinachoniudhi zaidi ni suala la umeme. Watu wenye OptiPlex wanaitafuta 1050 Ti kwa sababu kadi nyingi za aina hiyo zinatosheka na wati 75 za kwenye sloti inamochomekwa, bila waya wa ziada. GTS 450 inakula wati 106 na inataka waya wa pini sita, ambao pawasapulai za hizo mashine za ofisini kwa kawaida hazina. Yeye anakupa adapta ya kuchukua umeme kwenye waya wa SATA, ule wa kulisha diski, eti bure. Waya wa SATA haukutengenezwa kwa mzigo huo. Moja niliyoletewa plastiki yake ilikuwa imeshaanza kuyeyuka. Hapo si laki mbili tena, ni nyumba ya mtu.

Kabla hujatoa hela, geuza kadi uangalie nyuma. Ukiona tundu la VGA, yale matundu 15 ya skrini za zamani, rudisha na uondoke, maana chipu za Pascal, kizazi cha 1050 Ti, hazitoi mawimbi ya analogi. Tundu la pini sita peke yake lisikufanye uikatae, baadhi ya 1050 Ti za kweli wanaliweka. Halafu nenda na GPU-Z kwenye flashi yako mwenyewe, ni programu ya bure inayosoma taarifa za kadi na haihitaji kusakinishwa. Tangu 2018 inatambua kadi nyingi za aina hii na kuandika FAKE mbele ya jina. Mahali pa chipu inatakiwa isome GP107. Ikisoma GF106 au GF116, chipu za GTS 450, umeshapata jibu. Muuzaji akikukatalia kuifungua kwenye mashine yake, hilo nalo ni jibu.

Mteja wangu mmoja, mwanafunzi wa chuo, alimpigia muuzaji kulalamika akaambiwa hilo ni "toleo la China". Alipomtumia picha ya GPU-Z akablokiwa.

Mliokwisha kununua, ichomoeni hiyo adapta ya SATA leo, msisubiri. Kadi msiitupe: piga picha ya GPU-Z, tunza meseji za mazungumzo na ya muamala, nenda navyo polisi.

Jana nimeona ana tangazo jipya la "GTX 1060 3GB". Picha zina tundu la VGA.