Ziwa Ngosi, Mbeya: kampuni ya mjini huihitaji

Wadau naona swali la Ngosi linarudi kila wakati, mtu anauliza achukue kampuni ya utalii au aende mwenyewe, mimi nasema nenda mwenyewe. Panda gari za Mbeya kwenda Tukuyu, shuka Isongole, bodaboda itakusogeza hadi msitu unapoanzia, halafu tafuta muongozaji wa palepale kijijini. Niliwahi kupandishwa na jamaa wa kampuni fulani ya mjini, aisee, simu sikioni mwanzo mwisho, ukimuuliza kuhusu ziwa anakwambia ni la volkano, basi, hela imeenda.

Safari hii tukampata mzee mmoja wa Kisafwa, hana haraka kabisa. Kabla hatujapanda akakata mianzi kwa panga, ncha ya chini kaichonga mshazari ili ing'ate tope, akanipa ya kwangu, "Shika hii mwanangu, huko mbele udongo hauna adabu." Na kweli haukuwa nayo. Njiani yeye ndo anakuonyesha kinyonga mwenye pembe tatu katulia kwenye jani, wewe ungempita hivihivi.

Ila kilichonikosha ni stori. Anasema ziwa hili zamani lilikuwa kwingine, upande wa Mwakaleli, likawa linameza watu na mifugo, wazee wakachoka, wakachoma mawe mpaka yakawa mekundu wakalitupia, likanyanyuka likahama mpaka likafika huku juu. Nikamuuliza sasa huku mbona hawalifukuzi, akacheka, "Huku halijamkosea mtu." Cha ajabu siku hizi kuna mradi wa umeme wa jotoardhi hapohapo Ngosi, wataalamu wanatafuta joto chini ya mlima, nilivyomtajia mzee akasema si ndo mawe yetu hayo!

Juu ukingoni ni kama mita 2,620 kwa hiyo beba koti, mambo ya tisheti waachie wa Dar. Ukungu ukiwa umefunga usikate tamaa ukaondoka, subiri, unafunguka ghafla unaliona lote kule chini, kijani limezungukwa na kuta za msitu pande zote. Wanasema lina umbo la ramani ya Afrika, mimi hiyo Afrika niliitafuta sana sikuipata 😂

Kushuka mpaka majini ni hiari, ukuta umesimama, unashikilia mizizi, na wakati wa kupanda tena ndo utajua hujui. Wenye magoti mabovu bakini juu, uzuri wote uko juu. Masika msiende kabisa, utelezi wake si wa mchezo.

Ngosi naipa nyota nne. Moja nimeikata kwa ajili ya chupa za maji watu wanazoacha pale ukingoni, yaani mtu kapanda nayo imejaa, inamshinda kushuka nayo tupu?