Lenzi ndefu za mtumba na telekonveta: zipi zitafokasi zenyewe kwenye bodi yako?

Kabla ya kuuliza bei ya lenzi ya zamani, uliza mota yake ya fokasi iko wapi: ndani ya lenzi au kwenye bodi, yaani mwili wa kamera. Nimepanga orodha hii kwa kigezo hicho, kwa ajili ya anayetafuta lenzi ndefu ya kupigia picha ndege, wanyama au michezo.

1. Canon EF

Naiweka juu bila kusita. Tangu mfumo huu uanze mwaka 1987, mota imekaa ndani ya lenzi, na bodi huwasiliana nayo kwa umeme tu. Ndiyo maana 400mm f/5.6L ya mwaka 1993 inafokasi vizuri hata kwenye EOS R, kamera ya Canon isiyo na kioo, ukitumia adapta ya Canon.

Telekonveta, kile kipande kinachofungwa nyuma ya lenzi ili ivute mbali zaidi, inataka hesabu. Ya 1.4x inakula nusu ya mwanga, ya 2x inakuachia robo. Lenzi ya f/5.6 ikivaa 1.4x inakuwa f/8 (namba ya f ikikua, mwanga hupungua), na bodi nyingi za kioo (DSLR) hukoma kufokasi zikivuka f/5.6. 5D Mark III ilipata uwezo wa f/8 kwa sasisho la programu mwaka 2013, tena kwenye pointi ya katikati. Kamera zisizo na kioo husoma fokasi kwenye sensa yenyewe: EOS R inafika f/11. Nunua Extender EF, telekonveta ya Canon, uifunge kati ya lenzi na adapta. Ile ya RF haiingii kwenye adapta. Angalia pia kioo cha Extender EF kilichochomoza mbele. Kinahitaji nafasi nyuma ya lenzi, na lenzi za kawaida hazina nafasi hiyo.

2. Nikon AF-S

Zina mota ndani, kwa hiyo zinafokasi hata kwenye bodi zisizo na mota kama D3500 au D5600, na kwenye bodi za Nikon Z zisizo na kioo kwa adapta ya FTZ. Herufi D isikutishe: 300mm f/4D ya AF-S ina mota, na inaelewana vizuri na TC-14E, telekonveta ya 1.4x ya Nikon. Ijaribu kwanza, usikilize. Mota inayopiga mluzi imechoka, achana nayo.

3. Nikon AF na AF-D

Bei hushawishi, lakini tazama mdomo wa bodi: kuna kichwa kidogo cha chuma kama ncha ya bisibisi? Hicho ndicho kinachozungusha lenzi hizi. D7200, D750 na D850 wanacho. Familia za D3000 na D5000 hazina, FTZ pia haina. Huko utazungusha pete kwa mkono. Telekonveta za TC-E, familia ya ile TC-14E, hazizikubali kabisa. Kama bodi yako ina mota na huhitaji telekonveta, hapa utapata lenzi nzuri sana.

4. Minolta na Sony A

Tangu 1985, nyingi ni lenzi za skrubu: huzungushwa na mota ya bodi, kama zile za AF-D. Kwenye bodi za Sony E, zisizo na kioo, adapta ya LA-EA3 haina mota. LA-EA5 inayo, ila huzungusha lenzi hizo kwenye bodi chache tu, mfano a7R IV na a6600. Hakikisha bodi yako imo kabla ya kulipa.

5. Lenzi za f/5.6 na telekonveta ya 2x

Zinaishia f/11. Bodi ya kioo haitafokasi, na isiyo na kioo itasitasita mwanga ukipungua. Pesa hiyo iongeze kwenye lenzi ya f/4 na 1.4x.