Daftari la kusoma Biblia kwa mwaka mmoja: ni zuri, ila tarehe zake zinageuka deni

Daftari hili nililinunua mwishoni mwa Desemba kwenye meza ya vitabu iliyo karibu na soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, kwa faranga 10,000 baada ya kupatana kidogo. Jalada ni gumu, la rangi ya kahawia, na halina jina la mchapaji wala la kanisa, ila nambari ya simu ambayo kila nilipoijaribu haikupatikana. Mama aliyeniuzia alinipa onyo ambalo sikulizingatia: "Papa, usianze na njia ndefu kama hauna muda. Wengi wanarudi hapa mwezi wa pili kuniuliza kama niko na ingine." Nimelitumia karibu miezi minane sasa, na naandika tathmini hii kwa ajili ya wale ambao, kama mimi, wanatamani kulipatia Neno nafasi katika siku ambayo tayari imejaa.

Kila ufunguapo, ukurasa wa kushoto ni wa njia ndefu, yaani Biblia nzima, na wa kulia ni wa njia fupi, yaani Agano Jipya peke yake. Kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi mjini, kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofanya ni kukagua hesabu za mpango wenyewe. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Njia ndefu inakupa sura tatu kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi na sura tano Jumapili, jumla 23 kwa wiki, ambazo kwa wiki 52 zinafika 1,196. Njia fupi ni safi zaidi: Agano Jipya lina sura 260, na sura moja kila siku ya kazi, siku tano kwa wiki, inalimaliza katika wiki 52 kamili bila kubakiza wala kupungukiwa. Aliyepanga hesabu hizi alijua anachokifanya, nami nampa heshima yake.

Hata hivyo, tazama tofauti iliyo kati ya 1,196 na 1,189. Mwaka mzima umeachiwa nafasi ya sura saba tu, sawa na siku mbili na kidogo za kuugua, kusafiri, kuzika, au kulala kwa uchovu. Na kwa kuwa kila siku imechapwa pamoja na tarehe yake, siku uliyoikosa haipotei. Inabaki pale, tupu, ikikutazama kama ankara isiyolipwa. Mimi niliugua malaria wiki ya tatu ya Januari. Nilipopona nilikuta nina sura 17 za nyuma, nikaanza kuzilipa mbili mbili juu ya zile za siku, na kufikia katikati ya Februari nilikuwa nasoma jinsi ninavyojumlisha risiti: jicho linapita, mkono unatia alama, moyo haupo. Jumatano ya wiki ya sita mpango unakuletea Hesabu sura ya 5, ya 6 na ya 7. Sura ya 7 peke yake ina aya 89, na ndani yake sadaka za viongozi wa makabila kumi na mawili zinarudiwa moja baada ya nyingine kwa maneno yaleyale. Ni sura yenye uzuri wake kwa mtu aliyetulia, maana hakuna kabila ambalo zawadi yake imefupishwa, lakini kwa mtu mwenye deni ni mlima. Hapo ndipo nilipolifunga daftari, likakaa juu ya kabati wiki tatu.

Lililonirudisha ni jambo dogo la nyumbani. Tunaishi Katuba, na ili niwahi teksi-basi ya kwenda mjini ni lazima niamke saa kumi na nusu. Umeme saa hiyo mara nyingi haupo, kwa hiyo maji ya kuoga yanapashwa moto kwenye mbabula, yaani jiko la makaa. Makaa yakishashika, sufuria kubwa inahitaji dakika ishirini hivi, na dakika hizo nilikuwa nazimaliza nikiwa nimechuchumaa, nikipepea moto au nikisoma ujumbe kwenye simu. Asubuhi moja ya Machi nilichukua daftari na Biblia, nikaketi kwenye kigoda kando ya moto huo, nikafungua ukurasa wa kulia, Mathayo sura ya 1. Niliisoma yote kwa mwanga wa tochi, ukoo mzima, kisha nikarudi kwa wale wanawake wanne waliotajwa katikati ya majina ya wanaume, Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria, na maji yalikuwa bado hayajachemka. Nilikuwa nimeshajaribu kusomea ndani ya teksi-basi, nikashindwa kwa kelele za redio na viwiko vya watu. Nilikuwa nimejaribu pia usiku, nikaamka na Biblia juu ya kifua. Muda niliokuwa nautafuta ulikuwa pale kando ya mbabula miaka yote.

Siku hiyo hiyo nilichukua kalamu nyeusi nzito nikafuta tarehe zote za ukurasa wa kulia, moja baada ya nyingine, nikaacha nambari za sura tu. Tangu hapo zimepita wiki 25, sawa na sura 125 kama nisingekosa hata siku moja. Nimefika Matendo ya Mitume sura ya 20, ambayo ni sura ya 109. Maana yake nimekosa asubuhi kumi na sita, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyonifanya niliweke tena daftari kabatini. Hili ndilo kosa kubwa la bidhaa hii, na ni kosa rahisi kurekebishwa: mchapaji angeweka "siku ya 1, siku ya 2" badala ya "6 Januari, 7 Januari", angekuwa ametutendea wema mkubwa, na yeye mwenyewe asingebaki na nakala zisizouzika kila mwaka unapokwisha.

Kosa la pili liko katika kipimo. Sura za Biblia si sawa kwa urefu, kwa sababu hazikugawanywa ili kumpimia mtu chakula cha asubuhi. Mgawanyo tunaoutumia unahusishwa na Stephen Langton wa karne ya 13, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, na ulifaa kwanza kabisa kwa kutafuta mahali katika maandishi. Binti yangu, ambaye alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari na ndiye aliyerithi ukurasa wa kushoto nilipouacha, alikutana na jambo hilo wiki ya 26. Jumatatu alisoma Zaburi 98, 99 na 100, jumla aya 23, akamaliza kabla chai haijapoa. Jumapili ya wiki hiyohiyo akapewa Zaburi 116 hadi 120, na kwa kuwa Zaburi 119 peke yake ina aya 176, jumla ya siku ikawa aya 233. Mara kumi! Shauri langu ni kwamba Zaburi 119 isomwe kama ilivyotungwa, kwa vipande 22 vya aya nane nane vinavyofuata herufi za Kiebrania, kipande kimoja kwa siku.

Chini ya kila siku kuna visanduku vinne: nimesoma nini, nimeona nini, nitaomba nini, nitafanya nini leo. Wanaoijua desturi ya kale ya watawa wataitambua njia hiyo, kwani Guigo wa Pili, mtawa wa Kikartusi wa karne ya 12, aliiandika kama ngazi ya vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na mwisho kutulia mbele za Mungu. Daftari limekiondoa kidato cha nne na kuweka kazi mahali pake. Tena sanduku la sala lina mistari mitatu na la kazi lina mistari tisa. Kwa tabia yangu ya kazini nilijikuta najiandikia orodha ya maagizo kila asubuhi, kana kwamba Mtakatifu Luka aliandika ili kunipangia shughuli za siku. Sasa mistari ile tisa naiacha mitupu na nakaa kimya mpaka sufuria ianze kutoa mvuke. Mke wangu, kinyume chake, analipenda sanduku hilo kuliko mengine yote: ndipo anapoandika majina ya watu wa kuwatembelea, na anawatembelea kweli.

Jambo moja daftari lilipaswa kulieleza na halikulieleza. Marejeo yake yote yanafuata tafsiri ya Kiswahili ya Union, ile iliyotoka mwaka 1952, lakini nyumba nyingi za Lubumbashi zina pia Biblia ya Kifaransa ya Louis Segond, na hesabu ya aya katika Zaburi hailingani. Jumapili ya wiki ya 23 tulisoma pamoja Zaburi ya 51, mimi kwa Kiswahili na binti yangu kwa Kifaransa. Akanikatiza: "Papa, kwako moyo safi uko aya ya 10, kwangu niko naona aya ya 12." Ndivyo ilivyo; Segond inahesabu maneno ya utangulizi, yanayomtaja Daudi na nabii Nathani, kuwa aya ya 1 na ya 2, na Union haiyahesabu, hivyo zaburi hiyo ina aya 21 upande mmoja na 19 upande mwingine. Mstari mmoja wa maelezo kwenye ukurasa wa kwanza ungetosha.

Kuhusu lugha, vijana wetu watasumbuka kidogo na "nalisema" na "nalikuwa" za Union. Anayetaka Kiswahili chepesi aliweke daftari kando ya Biblia Habari Njema, ila ajue kwamba pale Union inapoandika BWANA, hiyo inaandika Mwenyezi-Mungu. Majirani zetu Wakatoliki wafahamu kwamba vitabu kama Tobiti na Yoshua bin Sira havimo katika mpango huu.

Karatasi ni nyembamba na wino unapenya upande wa pili, kwa hiyo tumia penseli. Kurasa zimegandishwa kwa gundi bila kushonwa, na zile za Januari zimekwisha kuchomoka.

Kwa bei hiyo nalipendekeza, hasa kwa upande wake wa kulia, na nimekwisha kununua la pili kwa ajili ya kaka yangu mkubwa anayeishi Likasi, mwenye zamu za usiku kazini. Lilikuwa limebaki moja tu mezani na mama akaniachia kwa faranga 4,000 kwa sababu nusu ya mwaka ilikuwa imepita. Binti yangu alikesha jioni mbili akifunika tarehe kwa vipande vya karatasi nyeupe kabla hatujalipeleka.